Jacob Wainwright: Elimu ya Shule Ndogo na Safari Kubwa

Utangulizi

Anayevuka Daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa na kuifuata barabara ielekeayo Kongowea na Kisauni, hufika mahali paitwapo Kengeleni. Jina hilo limetokana na kengele iliyotundikwa hapo zamani za kijiji cha Freretown ili kuwatahadharisha wakazi kila wavamizi walipokaribia. Kijiji chenyewe kilianzishwa mwaka 1875 na chama cha wamisionari wa Kianglikana, Church Missionary Society, kiwe makao ya watumwa walioachwa huru. Kilipewa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyefika Unguja mwaka 1873 kudai soko la watumwa lifungwe.

Nyali ya leo husifiwa kwa hoteli zake, fukwe zake na majumba yake. Ni wachache wanaokumbuka kwamba pembezoni mwake ndipo mojawapo ya majaribio ya mwanzo ya elimu ya kisasa katika Afrika Mashariki lilipofanyika. Jaribio hilo halikuzaliwa Kisauni. Lilikuja na jahazi na meli kutoka Bara Hindi, vifuani mwa Waafrika waliokuwa wamesomeshwa katika shule moja ndogo karibu na mji wa Nashik. Mashuhuri kuliko wote miongoni mwao ni Jacob Wainwright, Myao aliyekuwa mwandishi wa msafara ulioubeba mwili wa David Livingstone kutoka kijiji cha Chitambo hadi Bagamoyo.

Makala haya yanasimulia maisha ya Wainwright kwa kuyatazama kupitia elimu yake. Je, shule iliyomfunza dini, herufi, hesabu na kazi za mikono kwa pamoja ilimpa nini alipofikwa na jambo zito? Na je, ilimnyima nini? Swali la pili lina uzito wa pekee kwa wanafunzi wa Kiswahili, kama itakavyobainika.

Kutoka Uyao hadi Nashik

Wainwright alizaliwa katika jamii ya Wayao, watu wa nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na mto Ruvuma. Katikati ya karne ya kumi na tisa nchi hiyo ilikuwa imeingiliwa vibaya na biashara ya utumwa. Misafara ilitoka bara kuelekea Kilwa na bandari nyinginezo, na kutoka huko majahazi yaliwapeleka mateka Unguja, Arabuni na Ghuba ya Uajemi. Watoto walikuwa sehemu kubwa ya shehena hiyo.

Manowari za Uingereza zilizofanya doria katika Bahari ya Hindi ziliyakamata baadhi ya majahazi hayo. Hata hivyo, kumwondoa mtoto katika jahazi ni jambo moja, na kumrudisha kwao ni jambo jingine. Kumshusha pwani kulikuwa sawa na kumrudisha sokoni. Kwa hiyo wengi walipelekwa Aden, na wengine wakavushwa hadi Bombay. Hapo baadhi yao walikabidhiwa wamisionari, nao wakawapeleka Sharanpur, kijiji cha Kikristo kilichoanzishwa karibu na Nashik na Mchungaji William Salter Price. Huko ndiko kijana huyu Myao alikobatizwa jina la Jacob Wainwright. Wenzake nao walibatizwa majina ya Kiingereza: Matthew Wellington, ambaye kwao aliitwa Chengwimbe, Carus Farrar, William Jones, George David na Ishmael Semler.

Mtaala wa Sharanpur

Sharanpur haikuwa chuo kikuu wala shule ya sekondari kwa maana ya leo. Ilikuwa shule ndogo yenye karakana. Mwanafunzi alisoma Biblia na sala za kanisa, akajifunza kusoma na kuandika Kiingereza, akapiga hesabu, na kwa kuishi miongoni mwa Wahindi akazijua lugha za nchi ile. Pamoja na hayo alifunzwa kazi ya mikono, ama useremala, ama uhunzi, ama ufundi mwingine wa kumlisha atakapojitegemea.

Mpango huo haukubuniwa kwa ajili ya usomi. Wamisionari walitaka kulea Mkristo anayejua kusoma maandiko na asiyewalemea wengine kwa riziki yake. Lakini matokeo yake yalizidi kusudi lake. Kwa kuwa shule ilikuwa ndogo na walimu wachache, haikuwezekana kuwatenga wanafunzi wa vitabu na wanafunzi wa karakana. Kijana yuleyule aliyeshika kalamu asubuhi huenda alishika randa au nyundo alasiri. Kijana yuleyule aliyekariri zaburi alijifunza kupima ubao, kuhesabu siku za ujira na kuandika orodha ya vifaa.

Vyuo vikuu vya leo huwataka wanafunzi wote, wa fasihi na wa fizikia, wapitie kozi za msingi za pamoja kabla ya kila mmoja kushika njia yake. Mwanafunzi wa lugha hulalamika anapolazimishwa kusoma utangulizi wa sayansi, na mwanafunzi wa sayansi hunung'unika anapotakiwa kuandika insha. Huko Sharanpur suala hilo halikuzuka, kwani maisha yaliyomngoja mhitimu hayakuwa na migawanyo ya idara. Hilo lingethibitika katika kijiji kimoja cha mbali, mwaka 1873.

Kuitwa Bara

Wahitimu wa Nashik walianza kurudi Afrika mapema. Mwaka 1864 William Jones, George David na Ishmael Semler walifika Rabai, nyuma ya Mombasa, kumsaidia Johannes Rebmann, mmisionari aliyebaki pale kwa miaka mingi baada ya Ludwig Krapf kuondoka. Livingstone naye alichukua vijana wengine wa Nashik alipoanza safari yake ya mwisho mwaka 1866. Wengi wao walimwacha njiani, lakini mmoja wao, Edward Gardner, alidumu naye.

Mwaka 1872 Waingereza waliandaa msafara wa kumtafuta Livingstone, ambaye habari zake zilikuwa zimekatika. Vijana sita wa Nashik wakaitwa kujiunga nao, miongoni mwao Jacob Wainwright na nduguye John, Matthew Wellington na Carus Farrar. Msafara ulipokuwa ukijiandaa, Henry Morton Stanley aliwasili pwani na habari kwamba amekwisha kumwona Livingstone huko Ujiji. Msafara ukavunjika. Stanley akakusanya watu 57, wakiwemo vijana wa Nashik, akawatuma kwa Livingstone aliyekuwa akingoja Kwihara, karibu na Tabora. Walimfikia Agosti 1872, na kabla mwezi haujaisha wakaondoka pamoja naye kuelekea kusini kutafuta chemchemi za mto Naili.

Livingstone alikuwa mgonjwa, na nchi waliyoipita kando ya Ziwa Bangweulu ilikuwa ya vinamasi na mvua isiyokatika. Ingawa alikuwa mganga, mwanajiografia na mhubiri kwa wakati mmoja, nguvu zake zilikuwa zimekwisha. Maandishi yake ya mwisho ni ya tarehe 27 Aprili 1873. Siku chache baadaye watumishi wake walimkuta amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda chake, katika kijiji cha Chitambo kilichomo Zambia ya leo.

Kijijini kwa Chitambo

Uamuzi uliofuata ulikuwa wa Waafrika peke yao. Hakukuwa na Mzungu wa kuwaamuru. Viongozi wa msafara walikuwa Abdullah Susi na James Chuma, watumishi wa Livingstone wa miaka mingi. Wangeweza kumzika pale pale na kuondoka, wala hapana ambaye angewalaumu. Badala yake waliamua kumrudisha kwao, safari ya zaidi ya kilomita 1,600 hadi pwani, katika nchi ambazo maiti ilihesabiwa kuwa nuksi na ambako kifo cha mgeni kingeweza kuwatoza wenzake faini nzito.

Uamuzi ulikuwa wa Susi na Chuma pamoja na wenzao, lakini utekelezaji wake ulihitaji maarifa ya namna nyingi, na hapo ndipo elimu ya vijana wa Nashik ilipotiwa mizani.

Kwanza, palihitajika elimu ya mwili. Farijala, ambaye aliwahi kumtumikia daktari huko Unguja, alishirikiana na Carus Farrar kuupasua mwili na kuondoa viungo vya ndani. Ubavuni wakaona donge kubwa la damu. Kifua na tumbo vikajazwa chumvi. Moyo na viungo vingine vikawekwa katika kijisanduku na kuzikwa chini ya mti. Mwili ukaanikwa juani kwa siku 14, ukigeuzwageuzwa, ndani ya ua lisilo na paa lililojengwa kwa kazi hiyo. Hawakuwa na kitabu cha sayansi mbele yao. Walikuwa na kanuni mbili tu, kwamba chumvi huzuia uozo na kwamba jua hukausha, nazo zilitosha.

Pili, ulihitajika ufundi. Gome la mti lilibanduliwa zima likawa kama mwanzi mkubwa, mwili uliokunjwa magoti ukaingizwa humo, ukashonewa turubai la tanga na kufungwa kwenye mti ili watu wawili wauchukue mabegani.

Tatu, palihitajika herufi, na hapa ndipo Wainwright anapojitokeza. Moyo ulipozikwa, ni yeye aliyesoma ibada ya maziko. Kisha akachonga katika gome la mti jina la marehemu, tarehe na majina ya baadhi ya viongozi wa msafara. Tena masanduku ya Livingstone yalipofunguliwa mbele ya mashahidi, Wainwright ndiye aliyeandika orodha ya kila kilichokuwemo, ili siku ya hesabu asije mtu akawashutumu wenzake kwa wizi. Orodha hiyo haina mvuto wa fasihi, lakini ilikuwa ngao. Wachukuzi maskini walikuwa wakibeba mali ya mtu mashuhuri, zikiwemo ala za kupimia majira na mahali, madaftari na ramani. Bila maandishi, neno lao lingeshindana na neno la wakubwa, na mshindi alijulikana.

Chitambo mwenyewe anastahili kutajwa. Wasafiri walijaribu kumficha kifo hicho kwa kuogopa faini, naye alipopata habari hakuwaadhibu, bali aliongoza watu wake katika maombolezo. Utu huo wa mwenyeji ndio uliowapa wageni nafasi ya kuifanya kazi yao.

Safari hadi Pwani

Msafara wa watu wapatao 60 uliondoka ukikabiliwa na maradhi, njaa na hofu. Ulivuka mto Luapula na kuelekea kaskazini. Njiani wakasikia kwamba kuna Wazungu Unyanyembe, na wakadhani ni msafara wa mwana wa marehemu, Oswell Livingstone. Wainwright akaandika barua ya kumwarifu kifo cha baba yake, Chuma akatangulia nayo. Aliyeipokea, Oktoba 1873, alikuwa Luteni Verney Lovett Cameron. Kwa hiyo habari ya kwanza iliyoandikwa ya kifo cha Livingstone ilitoka katika kalamu ya Myao aliyekuwa ametolewa utumwani.

Cameron alishauri mwili uzikwe pale. Wachukuzi wakakataa. Cameron akachukua sehemu kubwa ya ala za vipimo kwa matumizi ya safari yake, nao wakaendelea na mzigo wao. Huko mbele watu wa njiani walipotishia kuzuia maiti isipite, wasafiri walibuni hila. Walifunga furushi bandia mfano wa maiti, wakatangaza kwamba wameghairi na kulirudisha Unyanyembe likazikwe, na wenzao waliolichukua wakalitupa porini usiku. Mwili wenyewe wakaufunga upya ufanane na mtumba wa nguo, bidhaa iliyokuwa ikipita njia hiyo kila siku. Mtumba huo ulifika Bagamoyo Februari 1874, takriban miezi tisa tangu kifo.

London

Kati ya watu wote waliofika Bagamoyo, Wainwright peke yake ndiye aliyesafiri na jeneza hadi Uingereza, kwa gharama ya Church Missionary Society. Susi na Chuma, viongozi wa msafara, waliachwa Unguja. Meli ilitia nanga Southampton tarehe 15 Aprili 1874. Daktari mpasuaji Sir William Fergusson aliutambua mwili kwa mfupa wa mkono wa kushoto uliovunjwa na simba miaka 30 kabla na kuunga vibaya. Kwa hiyo kazi ya Farijala na Farrar ilifaulu mtihani wa sayansi ya London, kwani mwili ulihifadhika kiasi cha kutambulika.

Tarehe 18 Aprili Livingstone alizikwa katika kanisa la Westminster Abbey. Wainwright alikuwa miongoni mwa waliolishika jeneza, pamoja na Stanley, Dakta John Kirk na marafiki wengine wa marehemu. Bamba la kaburi husema kwamba mwili uliletwa na mikono miaminifu kupitia nchi kavu na bahari. Halitaji jina la hata mmoja wa wenye mikono hiyo.

Baadaye Susi na Chuma walialikwa Uingereza kwa hisani ya rafiki wa Livingstone. Walikaa na Mchungaji Horace Waller wakimweleza yaliyotokea, naye akayatia katika kitabu cha safari za mwisho za Livingstone kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1874. Masimulizi yao ya mdomo yakawa simulizi rasmi. Shajara ya Wainwright, iliyoandikwa kwa mkono wake, haikupata heshima hiyo. Ilichapishwa mwaka huo huo kwa tafsiri ya Kijerumani katika jarida la jiografia la August Petermann, na kwa zaidi ya karne moja haikujulikana ila kwa wataalamu wachache. Medali zilizotengenezwa na chama cha wanajiografia cha London kwa ajili ya wachukuzi zilifika pwani wengi wao wakiwa wamekwisha kutawanyika, na si wote waliozipata.

Kisauni na Urambo

Mwaka huo huo wa 1874 William Salter Price, yule mwanzilishi wa Sharanpur, aliagizwa kwenda Mombasa kuanzisha makao ya watumwa huru, na Wainwright akarudi Afrika pamoja naye. Mwaka 1875 ardhi ilinunuliwa Kisauni, mkabala na kisiwa, na Freretown ikaanza kujengwa. Septemba mwaka huo manowari za Uingereza zilileta kundi la kwanza kubwa la watu walioachwa huru, zaidi ya 200 kwa pamoja. Walihitaji nyumba, chakula, mafunzo na nidhamu ya maisha mapya.

Waliokuwa na ujuzi wa kuifanya kazi hiyo ni wale Waafrika wa Bombay, kama walivyoitwa, ambao wapatao 150 walivuka bahari kuja kujiunga na kijiji. Walikuwa walimu, mafundi, wakalimani na wahubiri. Kile walichokipata Sharanpur, yaani kitabu na karakana pamoja, ndicho kilichoisimamisha Freretown. Mtu angetazamia kwamba aliyeishika kalamu huko Chitambo na jeneza huko Westminster angepata hapa mahali pake pa kudumu.

Haikuwa hivyo. Waafrika wa Bombay walijiona washirika wa kazi, ilhali wamisionari wengi waliwaona watumishi. Walilalamikia ujira mdogo na kutoaminiwa madaraka, nao wakashutumiwa kwa kiburi. Elimu iliyosifiwa ilipomfanya Mwafrika ampendeze mfadhili ilihesabiwa kosa ilipomfanya adai haki. Wainwright alifanya kazi kwa muda chini ya misheni, kisha wakaachana. Mcheza kwao hutuzwa, hunena wahenga, lakini yeye alituzwa ugenini na kusahauliwa kwao. Alielekea bara, akafika Buganda katika enzi ya Kabaka Mutesa, na hatimaye akajiunga na kituo cha London Missionary Society huko Urambo, magharibi ya Tabora. Hapo alifariki mwaka 1892, mbali na kaburi la Westminster na mbali na Kisauni.

Wenzake walipata mikondo tofauti. William Jones na Ishmael Semler walipewa ushemasi mwaka 1885. Mwaka huo Jones aliandamana na Askofu James Hannington kuelekea Buganda, na askofu alipouawa Busoga ni Jones aliyeuongoza msafara uliobaki hadi Rabai, huku akiandika shajara yake. Matthew Wellington aliishi hadi mwaka 1935 na kufia Mombasa, akiwa wa mwisho miongoni mwa waliomchukua Livingstone.

Shajara na Lugha Yake

Mwaka 2019 hati ya Wainwright ilichapishwa kidijitali, na hivyo kwa mara ya kwanza umma ukaweza kuisoma kama alivyoiandika. Ni maandishi ya pekee, kwani ndiyo shahada ya mkono ya Mwafrika aliyekuwapo siku zile. Msomaji anayetarajia sauti ya mnyonge anayewatetea wanyonge wenzake huenda akashangaa. Wainwright huwahukumu kwa ukali wenyeji wa nchi alizozipita, na katika hukumu hizo husikika sauti ya shule yake. Sharanpur haikumfunza kuandika tu, ilimfunza pia awatazame watu wa bara kwa jicho la mmisionari.

Kisha kuna suala la lugha. Msafara ule uliishi kwa Kiswahili. Wayao, Waunguja, Wanyamwezi na watu wa Shupanga hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja. Mabishano kuhusu kumzika au kumchukua, hila ya furushi bandia, maombolezo, vichekesho vya jioni, yote yalipita katika Kiswahili au lugha zilizochangamana nacho. Lakini shajara iliandikwa kwa Kiingereza, lugha pekee ambayo shule ilimpa Wainwright kwa ajili ya kalamu. Huko Mombasa watu walikuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa vizazi kadhaa. Krapf alikuwa amechapisha sarufi yake mwaka 1850, na Edward Steere kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili mwaka 1870. Hazina hiyo haikumfikia kijana wa Nashik.

Hasara yake inaonekana tukiilinganisha shajara hiyo na maandishi yaliyofuata. Tippu Tip alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Carl Velten akakusanya habari za safari za Waswahili zilizochapishwa mwaka 1901. Kazi hizo zimekuwa msingi wa kuichunguza nathari ya Kiswahili kabla ya riwaya. Lau Wainwright angeiandika shajara yake kwa Kiswahili, leo pangekuwepo nathari ya safari ya mwaka 1873, tangulizi kwa hizo zote, iliyoandikwa si na mfanyabiashara mkuu bali na mtu aliyewahi kuwa mateka. Mtaala ulimpa chumvi, randa, kalamu na hesabu, ukamnyima lugha ya wenzake.

Pengo hilo lilizibwa na kizazi kilichofuata. James Mbotela, mtoto wa Freretown ambaye baba yake aliachwa huru kutoka utumwani, aliandika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapishwa mwaka 1934. Mbotela aliandika kwa Kiswahili kwa sababu alilelewa katika kijiji ambacho, licha ya majina yake ya Kiingereza na kumbukumbu zake za Bombay, kilikuwa kimekwisha kuwa cha Waswahili. Wahakiki wamekijadili sana kitabu hicho, na wengine wamekilaumu kwa kuwatukuza Waingereza kupita kiasi. Lakini hata mlaumu hukisoma katika lugha ya watu waliosimuliwa.

Hitimisho

Maisha ya Jacob Wainwright yanaweza kusomwa kama hadithi ya utiifu, na ndivyo yalivyosimuliwa na waliompenda Livingstone. Usomaji huo humpunguza. Utiifu hauhifadhi maiti, hauandiki orodha, hautungi barua. Kilichofanyika Chitambo kilifanywa na watu wenye akili iliyofunzwa mambo mengi kwa pamoja, wengine shuleni, wengine kazini, na kila mmoja akaleta alichonacho: Susi na Chuma uongozi na ujuzi wa njia, Farijala elimu ya mwili, Farrar mkono wa ufundi, Wainwright maandishi. Hapana mmoja wao aliyejua yote, lakini kila mmoja alijua ya kutosha kuielewa kazi ya mwenzake. Hiyo ndiyo faida ya msingi mpana wa elimu, na ndiyo hoja ambayo mwanafunzi wa lugha anapaswa kuikumbuka anapoona uzito kukaa darasani kusikiliza utangulizi wa sayansi.

Upande wa pili wa maisha hayo unawahusu wanaoitunga mitaala. Mbegu ya shule iliyopandwa Freretown haikufa. Mwaka 1903 palianzishwa hapo shule ya kuwaandaa makasisi, iliyohamia Limuru mwaka 1930 na ambayo tangu mwaka 2007 ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Shule ndogo huweza kukua ikawa chuo kikuu. Lakini ukubwa hauponyi kasoro ya msingi. Iwapo kozi za pamoja zitamfunza mwanafunzi kila kitu ila namna ya kuyaandika maarifa hayo katika lugha anayosikilizana nayo na wenzake, basi atakuwa kama mwandishi wa msafara wa Chitambo, aliyeandika kwa uaminifu yale waliyoyafanya wenzake, katika lugha ambayo wengi wao wasingeweza kuisoma.